Makro Iliyoitwa Hakikisha-Baadaye

Mmeniomba niandike kitu, nyinyi mliobaki pale ofisini Kitale, na Dennis akaongeza ati kiwe cha kutia moyo. Moyo wa kumtia mtu mwingine sina siku hizi. Nitaandika nilicho nacho. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka, hizo mtaziuliza kwa meneja. Nitaandika juu ya majina tuliyozipa makro za majaribio, vile vipande vya programu vya kupimia programu nyingine, na ninajua kuna mtu hapo tayari amesema, "Madam ameanza tena." Ndiyo, nimeanza tena, na safari hii hamna mahali pa kunikatiza.

Nilipofika mara ya kwanza, ofisi ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Ukipanda ngazi, harufu ya dawa ya kupe inakupokea kabla ya mtu yeyote. Nilipewa kiti kilicholegea mgongo, kompyuta nzito kama gunia, na rula ya plastiki. Nikauliza rula ni ya nini, maana mimi nilikuja kuandika programu, sikuja kuchora.

"Ni ya mabano," akasema mzee aliyekaa dirishani. "Hii lugha yetu ni mabano tupu. Ukipotea, weka rula kwa skrini, ushuke nayo pole pole mpaka uone yanapofungia."

Huyo alikuwa Mzee Njuguna, mtu wa pale mji wa Kwanza, wazazi wake walihamia huko kutoka Mkoa wa Kati akiwa mtoto. Lugha ya mabano, ile ya ukoo wa Lisp, alijifunza wapi hakuwahi kusema vizuri. Ukimwuliza atakuambia, "Nilikuwa na wakati mwingi." Lakini ndiye aliyeichagua, na programu zote za draya zetu, zile mashine za kukausha mahindi, ziliandikwa kwayo kabla mimi sijafika. Nilimwogopa mwezi mzima. Baadaye nikampenda kama baba.

Kazi yetu, kwa wale ambao watasoma hii bila kuijua ofisi, ilikuwa kuandika programu za kuendesha draya za mahindi. Mkulima analeta mahindi yakiwa na unyevu, draya inayapuliza hewa ya moto, programu inapima joto na kuzima moto ikizidi. Inaonekana rahisi. Shida ni kwamba mahindi ya kula na mahindi ya mbegu hayakaushwi sawa. Ya kula yanavumilia joto kali. Mbegu ni kitu kilicho hai, na ukiipitisha nyuzi chache tu za joto juu ya kiwango chake, imekufa. Ubaya wake, haibadiliki rangi wala umbo. Unaishika mkononi inang'aa, nzuri kabisa, na ni maiti.

Kwa hiyo tulikuwa tunajaribu programu kabla ya kuipeleka kwa draya. Tunaandika majaribio mengi: joto likipanda hivi, je, moto unazima? Kipimajoto kikikatika, je, moto unazima? Yakipita yote, skrini inakuwa kijani. Moja likikataa, nyekundu, na programu haiondoki ofisini.

Sasa makro. Mzee Njuguna alinieleza siku ya pili, huku anakunywa chai kwa kikombe kisicho na mkono. Ukiipa kazi fanksheni, yaani kipande cha kawaida cha programu, alisema, kompyuta inapika kwanza, halafu inaipa fanksheni chakula kilichoiva. Makro haipewi chakula. Inapewa unga na maji na kuni, vibichi, na yenyewe ndiyo inaamua ipike, ibadilishe mapishi, au imwage vyote nje. "Na wewe uliyeiita," akasema, "umesimama mlangoni. Huoni jikoni. Kitu pekee unachoona ni jina."

Ndiyo maana alikuwa na sheria. Neno la kwanza la jina la makro ya majaribio ni ahadi. Ikianza na katika, inaendesha maneno yako ndani ya mazingira fulani na ikimaliza inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Ikianza na unda, inatengeneza kitu kipya. Ikianza na hakikisha, inaendesha maneno yako na kupiga kelele jibu likiwa baya. Ikianza na shikilia, haiendeshi kitu, inakuwekea tu, na skrini inatoa rangi ya manjano ili kila mtu ajue kuna kazi imelala. Hakuna neno la tano. Ukitaka la tano, unaenda kumwona yeye, na hakuna aliyekuwa anapenda kwenda kumwona.

Nilijifunza kwa nini kwa njia mbaya. Kulikuwa na makro moja ya zamani, katika-stoo-tupu, iliyoandikwa na mtu aliyeondoka kabla yangu. Ilikuwa inaondoa mahindi yote kwenye stoo ya majaribio, na kwa jina lake ilipaswa kuyarudisha. Haikuyarudisha. Majaribio yote yaliyofuata yalikuta stoo haina kitu yakaanguka, na mimi nikakaa nayo, nikitafuta kosa kwa hayo yaliyoanguka, ambayo hayakuwa na kosa lolote. Nililia, sisemi uongo. Mzee Njuguna akaja, akaangalia, akarekebisha mstari mmoja.

"Ilikudanganya, na wewe ukaiamini," akasema. "Usijilaumu. Jina limewekwa ili liaminiwe. Wa kulaumiwa ni aliyeipa jina isilolistahili."

Kutoka kwa hiyo sheria ndiko ulikotoka ule mtindo wetu wa Jumatatu, ambao wageni walikuwa wanaucheka. Tuliuita kusoma kushoto. Mmoja anasimama mbele ya skrini na kusoma kwa sauti neno la kwanza la kila makro, ukingo wa kushoto tu, toka juu hadi chini: katika, hakikisha, hakikisha, unda, hakikisha. Sisi wengine tunasikiliza tukiwa na chai. Jaribio lisilo na hakikisha hata moja linasikika sikioni mara moja, na shikilia ikitokea mtu anauliza, "Hiyo ni ya nani, na itaamka lini?" Tulikuwa tunamaliza kukagua kazi ya wiki nzima kabla chai haijapoa. Nimefanya kazi na watu wenye mitambo ya bei kubwa ambayo haikushika makosa tuliyoyashika kwa masikio.

Mzee Njuguna akastaafu, akarudi Kwanza kwa shamba lake. Nikabaki mimi na sheria. Halafu akaja Dennis.

Dennis, ukisoma hii, usinune. Ulikuwa na akili kuliko sisi wote na roho nzuri, na ulikuwa unaniletea maandazi. Ulikuwa na haraka tu, na haraka ilikuwa inapendwa pale.

Mwaka huo kipimajoto cha draya ya mbegu kiliharibika kikapelekwa Eldoret kutengenezwa. Majaribio yaliyokihitaji yakawa mekundu, na programu haiwezi kutoka ikiwa nyekundu, na kulikuwa na wateja wengine wanaongoja mambo yasiyohusu kipimajoto hata kidogo. Jibu lilikuwa wazi. Yafunge majaribio hayo ndani ya shikilia, skrini iwe ya manjano, kipimajoto kikirudi tuyafungue. Dennis hakutaka manjano. Wateja walikuwa wanaona ile skrini, na manjano inaleta maswali. Kwa hiyo akaandika makro yake, ambayo inapokea jaribio lako, inaliweka kando bila kuliendesha, na kusema yote ni sawa. Akaiita hakikisha-baadaye.

Nilipoiona nilimwita.

"Dennis, hii haihakikishi kitu. Hii ni shikilia."

"Lakini itahakikisha, Madam. Ni vile tu si sasa."

"Basi haianzi na hakikisha. Jumatatu tukisoma kushoto, sikio litasikia hakikisha na kupita."

"Si ni jina tu, Madam? Bana, mtu akitaka kujua si atafungua aone ndani?"

"Nani atafungua? Wewe ulifungua ngapi wiki hii?"

Akacheka, akakuna kichwa. Nikapeleka kwa meneja. Meneja akasikiliza akiwa anaandika ujumbe kwa simu, kisha akasema, "Madam, hii ni mambo ya majina. Tuna wateja wanangoja." Nikaileta tena kwenye mkutano. Nikaileta mara ya tatu, na mara hiyo watu walikuwa wanaangaliana. Ikabaki. Jumatatu iliyofuata mtu akasimama, akasoma: hakikisha, hakikisha, hakikisha. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Hiyo ya katikati ni uongo." Meneja akasema tuendelee.

Kipimajoto kilirudi. Hakuna aliyekumbuka kuyafungua yale majaribio, na kwa nini wakumbuke? Hayakuwa manjano. Mimi nilikumbuka, nikasema, nikaambiwa yamo kwenye mpango. Baadaye kidogo ikaja kazi ya kuifanya programu moja ihudumie draya ya mbegu na ya mahindi ya kula pamoja. Katika kuunganisha, kiwango cha joto cha mahindi ya kula kikafunika kile cha mbegu. Kosa la kawaida kabisa, la kila siku. Kulikuwa na jaribio lililoandikwa mahususi kulishika kosa hilohilo. Mzee Njuguna aliliandika kwa mkono wake. Lilikuwa limelala ndani ya hakikisha-baadaye. Skrini ikawa kijani. Mimi wakati huo nilikuwa nimetumwa Bungoma kufunga mashine nyingine, na niliporudi programu ilikuwa imeshatoka.

Sasa nimtaje dada yangu. Nafula ni mkubwa wangu, analima Naitiri, kwenye ardhi ya wazazi wetu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaokuza mbegu zao wenyewe kwa pamoja. Siyo mtu wa kuamini mashine. Miaka yote walikuwa wanaanika. Lakini msimu ule mvua ilikataa kuisha wakati wa mavuno, mahindi yakaanza kuota ukungu, na akanipigia kuuliza kama hiyo draya yetu ni kitu cha maana. Nikamwambia ni ya maana, kwa sababu ilikuwa ya maana kwa miaka yote niliyoijua. Wakaleta mbegu ya kikundi kizima Kitale. Ikakauka vizuri. Nafula alinishika mkono akanipeleka kuona: punje ngumu, safi, unazimimina zinalia. Alifurahi mpaka akaimba pale uwanjani.

Mvua za kupanda zilipokuja wakapanda wote siku zilezile, kama walivyozoea. Wakangoja. Majirani walionunua mbegu dukani, mistari ikaonekana. Kwa akina mama wa Nafula yakatoka magugu tu. Akaenda shambani, akafukua kwa kidole, akakuta punje imeoza palepale alipoiweka. Akafukua nyingine. Akahamia shamba la jirani yake wa kikundi, akafukua, ikawa vilevile.

Akanipigia simu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

"Naliaka, hii mbegu imekufa. Yote."

"Yote, dada?"

"Yote. Na hawa wamama wamekaa hapa kwangu wananiangalia. Niwaambie nini? Si uliniambia ile mashine mnaipima?"

"Tunaipima."

"Sasa mlipima nini?"

Nilifungua programu asubuhi hiyo na sikuchukua muda kuona. Nilijua pa kuangalia. Nikaliondoa jaribio la Mzee Njuguna ndani ya ile makro, nikaliendesha, na skrini ikawa nyekundu papo hapo. Lingesema. Lilikuwa limeandikwa ili liseme hicho kitu kimoja, na lilifungwa mdomo kwa jina zuri. Nikamwita Dennis aje aone. Alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma skrini.

"Ai, Madam," akasema. "Ai." Akaketi sakafuni, kijana mzima, akashika kichwa.

Nilidhani hapo ndipo tungebadilika. Nilidhani, jamani, dada yangu amekaa na akina mama ambao hawana mbegu, wanapanda mara ya pili wakati umeshapita, mahindi yao yatakuja na vigunzi vya kuchekesha, watoto watakula mboga bila sima mwaka huo, hakika sasa mtu atasikia. Tulifanya mkutano. Kiwango cha joto kikarekebishwa siku hiyohiyo, na jaribio likaamshwa. Meneja akaenda Naitiri mwenyewe kuomba msamaha, namshukuru kwa hilo. Kisha nikasema: na jina?

"Jina gani?"

"Hakikisha-baadaye. Tulifute. Kila mahali lilipo tuandike shikilia."

Wakaangalia. Lilikuwa limeshaenea, kila faili lilikuwa nalo, maana ni tamu kutumia. Linakupa kijani bila jasho. Wakisema shikilia, nusu ya skrini ingekuwa manjano siku moja. Meneja akasema tutafanya kwenye toleo lijalo. Dennis, ambaye alikuwa amekaa sakafuni wiki hiyohiyo, akaangalia meza yake.

Nilienda Kwanza kumwona Mzee Njuguna. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwa mkono, macho yake hayaoni vizuri tena. Nikamweleza yote. Nilitaka akasirike. Nilitaka aje ofisini na fimbo.

"Uliwaambia?" akauliza.

"Niliwaambia, Mzee. Mpaka wamenichoka."

"Hata mimi, nikianza, niliambiwa ni majina tu." Akaendelea kupukuchua. "Nilifikiri ukikaa kimya na kufanya kazi vizuri muda mrefu, watu watazoea. Kumbe wanakuzoea wewe. Ukienda, wanarudia mambo yao."

Nilikaa nikamsaidia kupukuchua mpaka jua likaanza kushuka, nikarudi Kitale.

Hilo toleo lijalo, mnajua wenyewe, halijaja. Nimekaa pale miaka mingine baada ya hapo, nikisoma kushoto kila Jumatatu na watu wachache zaidi kila mwaka, mpaka nikawa nasoma na nasikiliza mimi mwenyewe. Siku yangu ya mwisho mlininunulia keki. Dennis alitoa hotuba, akasema nimewafundisha thamani ya jina. Nililia, mkadhani ni furaha. Haikuwa furaha. Niliona kwenye skrini nyuma yake kijani kutoka juu hadi chini, na nilijua ni majaribio mangapi kati ya hayo yamelala.

Nilidhani basi nitapumzika na uchungu wangu. Halafu mwezi uliopita Dennis akanipigia, ana furaha ya kweli.

"Madam! Draya ya Bungoma imesimama. Ya mbegu tupu. Na nikuambie kitu? Majaribio yote tumeandika kwa mtindo wako. Neno la kwanza ni ahadi. Hakuna jina limetoka nje ya mstari."

Akanitumia niangalie, kwa heshima tu, kama mtu anavyomletea mama yake mtoto ashike. Nikafungua. Kweli, kushoto palikuwa pamenyooka, hakikisha, hakikisha, hakikisha, sijawahi kuona ukingo mzuri hivyo. Hakikisha-baadaye. Hakikisha-kikifika. Hakikisha-msimu-ujao. Hakikisha-kwa-muda. Nikafungua ndani ya moja, nyingine, na nyingine. Hakuna iliyokuwa inaendesha kitu. Walikuwa wameichukua makro ile moja wakaizalisha, wakaipanga kwa sheria ya Mzee Njuguna, na wakaipa jina langu.

Nikampigia. "Dennis, hizi haziendeshi majaribio."

"Ni za muda tu, Madam. Vipimajoto bado havijafika vyote. Vikifika tutaamsha."

"Na draya?"

"Draya inaanza wiki ijayo. Wakulima wameshaitwa."

Nilimwambia wasiiwashe. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, mpaka jirani akachungulia. Akasema, "Nimekusikia, Madam," kwa upole uleule, na nilijua ule upole. Nimeusikia kwa meneja miaka mingi.

Siku mbili baadaye Nafula akapiga. Mavuno yameingia. Mbegu ya kikundi iko sebuleni kwake, imefika mpaka dirishani, na bado ina maji.

"Naliaka, wametuita Bungoma. Ati draya mpya. Kijana alikuja hapa, mpole sana, anakujua. Anasema imepimwa yote, hakuna kitu imeachwa. Amenionyesha kwa simu, kijani tupu." Akashusha sauti. "Wamama wamesema wewe ndio uamue. Wanasema wewe ni wa huko, unajua ndani. Tupeleke?"

Nilisikia mvua kwenye mabati yake. Nilifikiria kumweleza, makro ni nini, na jikoni, na mlango, na maneno manne. Nikaona hakuna hata moja la kumsaidia.

"Msipeleke," nikasema. "Anikeni."

"Kwa hii mvua?"

"Jua likitokea, toeni. Mkiona mawingu, rudisheni ndani. Hivyohivyo, dada, mpaka zikauke."

"Zingine zitaoza."

"Zitaoza. Lakini zitakazobaki zitaota."

Nikamsikia anachota punje na kuzirudisha.

"Sasa nyinyi," akasema, wala hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu, "mlikuwa mnafanya nini kule miaka hiyo yote?"

Nikamsikia anaweka simu mezani bila kuikata, anafungua mlango, anawaita wenzake walete turubai.